Bunduki mpya: uibadilishe au uiache kama ilivyotoka kiwandani?

Ukishapata leseni na bunduki yako ya kwanza ikawa mkononi, ushauri unaanza kumiminika kabla hata hujafyatua risasi moja. Mmoja anakwambia toa hiyo triga haraka, ya kiwandani ni takataka. Mwingine anakuapia kwamba ukigusa hata skrubu moja, siku ukijitetea ukafikishwa mahakamani umekwisha. Wa tatu anakuonyesha video ya bastola iliyochongwa slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi ikitoka) matundu matundu, mtutu wa rangi ya dhahabu, taa, redidoti (kioo cha kulengea chenye doti ya mwanga) juu, anakwambia hii ndo silaha ya mtu aliye siriasi. Mtu mpya anabaki njia panda, na kusema ukweli wote watatu wana kaukweli kadogo ndani yake, shida ni kwamba wanaongea kana kwamba kubadilisha bunduki ni jambo moja, wakati ni mambo manne matano yenye hatari tofauti kabisa.

Basi tuelewane maneno kwanza. Bunduki ikiwa "stoki" maana yake iko vile vile ilivyotoka kiwandani, kila springi na kila skrubu. Kumodifai ni kubadilisha sehemu yake, au kuichonga, kuikata, kuipiga msasa, ili ifanye kazi tofauti na alivyokusudia aliyeitengeneza. Kufunga aksesori ni kuongeza kitu kinachofungwa na kutolewa bila kuacha alama, kama taa, mkanda au skopu. Alafu kuna matengenezo, na hapa ndo wengi wanachanganya. Springi ya slaidi ikichoka ukaweka mpya yenye nguvu ile ile hujamodifai chochote, umefanya kile kile ambacho kitabu cha maelekezo kinakutaka ufanye. Springi za bastola zina umri, unahesabiwa kwa maelfu ya risasi, na yule anayejisifu kwamba bastola yake haijawahi kuguswa tangu inunuliwe huku ameshapiga risasi elfu kumi na springi ile ile, huyo hana stoki, ana chakavu.

Kuna jambo lingine silijadili kabisa kwenye makala hii nalo ni kugeuza silaha ya risasi moja moja ili imwage mfululizo. Hilo karibu kila mahali ni jinai nzito na watu wanafungwa miaka mingi kwa ajili yake, kwa iyo halina mjadala wa stoki au siyo stoki. Tunaongea na mwenye leseni yake, anayetaka bunduki yake imfae na imsalimishe.

Sasa namna nyepesi ya kupanga hayo mabadiliko yote ni kujiuliza swali moja tu: hiki kitu kinabadilisha jinsi mimi ninavyoishika na kuiona bunduki, au kinabadilisha jinsi bunduki yenyewe inavyofyatua? Chukulia pikipiki. Kusogeza vioo vikae usawa wa macho yako, kuinua usukani kidogo, kuweka siti isiyokuumiza mgongo, hivyo kila dereva anafanya na hakuna atakayekushangaa. Ila ukianza kuchezea breki na waya wa mafuta ili iwe "nyepesi zaidi", hapo umeingia kazi ya mtu aliyeijaribu hiyo mashine barabarani mara nyingi kuliko utakavyoiendesha maisha yako yote. Bunduki iko hivyo hivyo. Saiti (vile vya kulengea juu ya bunduki), mshiko, urefu wa kitako, hayo ni ya kwako. Triga, springi ya nyundo, pini ya kufyatulia, vijino vya ndani, hayo ni ya kiwanda, na siku ukiyagusa wewe ndo umekuwa kiwanda, majaribio yote yanahamia kwako na lawama zote zinahamia kwako pia.

Tuingie ndani kidogo kwa sababu kelele nyingi ziko kwenye triga. Triga ya bastola nyingi za kisasa ukiivuta inafanya kazi kadhaa kwa mpigo: inamalizia kuivuta pini nyuma, inaondoa kizuizi kinachoifunga pini isiende mbele, alafu inaiachia. Pini inaenda kugonga praima, ile kofia ndogo nyuma ya ganda la risasi, praima inawaka, inawasha baruti. Glock 17 ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982 na ikaja kuwa mfano wa bastola karibu zote za plastiki zilizofuata, ina sefti (vizuizi vya usalama) tatu zinazofanya kazi zenyewe bila kubonyeza kitufe chochote: moja kwenye triga, moja inaifunga pini, moja ni ya bastola ikidondoka. Uzito wa kuivuta triga ni kama kilo mbili na nusu. Huo uzito haukuchaguliwa na mtu aliyeamka vibaya, ni matokeo ya springi tatu zinazovutana, moja ikisaidia na nyingine ikipinga, na ukibadilisha moja zile nyingine mbili zinajua.

Kwa mfano mtu anataka triga iwe laini, anaweka springi dhaifu ya pini. Triga kweli inakuwa laini, renji (uwanja wa shabaha) anafurahi, anapiga picha ya shabaha. Ila praima hazifanani, za kijeshi kwa kawaida ni ngumu kuliko za risasi za michezo, na pini iliyopunguziwa nguvu inagonga praima ngumu ikaacha kidoti tu, risasi isilipuke. Renji hilo ni jambo la kucheka, unakoki tena unaendelea. Usiku mtu akivunja mlango wako si la kucheka.

Upande wa pili wa shilingi ni bunduki kufyatuka wakati hukutaka. Hapa kuna kisa ambacho kila anayependa kuchezea triga anatakiwa akijue. Januari 2017 jeshi la Marekani lilichagua bastola ya SIG Sauer ya familia ya P320 iwe bastola yake mpya ya kiunoni. Agosti mwaka huo huo kampuni ikatangaza kuwapa raia marekebisho ya bure kwenye P320 zao, kwa sababu ilionekana bastola ikidondoka kwa pembe fulani, ikigonga kwa nyuma, inaweza kufyatuka yenyewe. Sababu yake ndo ya kushangaza: triga yenyewe, kile kipande unachowekea kidole, kilikuwa kizito, kwa iyo bastola ikigonga chini ghafla ikasimama, triga iliendelea kwenda na mwendo ule ule kana kwamba kuna kidole kinaivuta. Moja ya marekebisho ilikuwa kuweka triga ambayo kipande chenyewe kina uzito mdogo. Ukisikia hivyo ndo unaelewa kwamba hata gramu chache za chuma kwenye kipande ambacho unaona hakina maana zinaweza kuwa tofauti ya bunduki iliyolala na bunduki iliyofyatuka. Na hao ni watu wenye maabara na mashine za kudondoshea. Wewe unayeagiza triga ya aluminiamu kwa sababu ina rangi nyekundu nzuri, umeidondosha mara ngapi kuipima?

(Najua kuna atakayesema, ona sasa, kiwanda chenyewe kilikosea, kwa iyo stoki nayo si msahafu. Kweli kabisa, stoki si msahafu. Lakini kiwanda kikikosea kinaweza kuziita bunduki zake na kuzirekebisha. Ukikosea wewe hakuna wa kukuita.)

Alafu kuna imani kwamba triga nyepesi inakufanya ulenge vizuri. Ina ukweli wake. Triga nyepesi na isiyokwaruza inapunguza nafasi ya wewe kuiyumbisha bunduki wakati unaivuta, ndo maana kwenye mashindano ya kimataifa ya bastola ya upepo ya mita 10 kiwango cha chini kinachoruhusiwa ni gramu 500 tu, na bastola ya mita 25 ni gramu 1000. Ila tazama hao watu wako wapi: wamesimama, mbele yao shabaha ya karatasi, bastola inapakiwa kwa amri, kidole hakiingii kwenye triga mpaka muda wake. Chukua triga hiyo hiyo uiweke kiunoni kwa mtu anayekimbia, anayetetemeka, anayefungua mlango kwa mkono wa pili. Mwili una tabia yake, ukishtuka au ukijikwaa vidole vya mikono yote miwili vinajikunja pamoja bila kukuomba ruhusa. Kanuni ya kidole kukaa nje ya triga mpaka uwe umeshaamua kufyatua ndo kinga ya kwanza, na uzito wa triga ni kinga ya pili pale ya kwanza inapokusaliti.

Sasa usikimbilie kusema basi nzito zaidi ndo salama zaidi, kwa sababu hilo nalo lilishajaribiwa, na waliolijaribu ni polisi wa jiji la New York. Walipoingia kwenye bastola za kisasa waliweka triga yenye uzito wa kama kilo tano na nusu, mara mbili ya kawaida na zaidi, wakiamini itapunguza risasi za bahati mbaya. Angalia kwamba hiyo pia ni modifikesheni, tena ya ndani, ila ya kwenda upande wa uzito. Matokeo yake askari anapambana na triga wakati huo huo anatakiwa aiweke saiti isitikisike, na kwa mtu asiyefanya mazoezi sana bunduki inayumba kabla risasi haijatoka. Agosti 2012 nje ya jengo la Empire State askari wawili walimfyatulia risasi mtu aliyekuwa ameua mwenzake, na wapita njia tisa wakajeruhiwa kwa risasi za polisi au vipande vyake. Mjadala wa hiyo triga ukapamba moto, na mwaka 2021 jiji likaanza kuwapa askari wapya bastola zenye triga nyepesi, karibu na ile ya kawaida ya kiwandani. Yaani walizunguka weee miaka yote hiyo wakarudi pale mhandisi alipoanzia.

Binafsi naona hapo ndo jibu la triga lilipo. Kwa bunduki ya kujilinda iache. Kama inakwaruza, ipige risasi nyingi na uivute ikiwa tupu mara nyingi (umehakikisha mara mbili kwamba ni tupu, chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) umeiona kwa macho na kidole kimeingia, risasi ziko chumba kingine), vyuma vinajisugua vyenyewe na triga inalainika bila mtu kuipiga msasa. Kwa bunduki ya mashindano tu, isiyobebwa, mpe fundi anayejulikana akufanyie, na kabla ya hapo soma kanuni za daraja unaloshindana, maana kuna madaraja bastola lazima ibaki karibu na ilivyotoka kiwandani na ukija na triga yako ya kifahari unasukumwa ukashindane na watu wenye mashine za mbio. Rifle za uwindaji ni habari nyingine kidogo, nyingi za sasa zinakuja na triga ambayo kiwanda chenyewe kimeruhusu uirekebishe uzito ndani ya mipaka fulani kwa skrubu iliyoelezwa kwenye kitabu. Hiyo tumia, imewekwa kwa ajili yako. Skrubu iliyomiminiwa gundi au rangi juu yake imefungwa makusudi, hiyo siyo ya kwako.

Mambo mengine ya ndani nayapitia haraka. Kifaa cha mdomoni kwa mtutu kinachorusha gesi juu kinapunguza kweli bastola kuruka, lakini kinaiba sehemu ya nguvu inayorudisha slaidi nyuma, kwa iyo ukitumia risasi dhaifu za mazoezi slaidi inaweza isifike mwisho, ganda linabanwa mlangoni, unaanza kulaumu risasi. Magazini (kile chombo cha risasi) iliyoongezewa kitako ili ibebe risasi nyingi zaidi inataka springi yenye nguvu zaidi, ukibakiza ya zamani risasi za mwisho zinapanda polepole na slaidi inazipita. Kuchonga matundu kwenye slaidi kunapunguza uzito wake, slaidi inakwenda mbio kuliko ilivyopangwa, na vumbi linapata milango mipya. Unaona mtindo: hakuna kitu kinachobadilika peke yake humo ndani, ukigusa kimoja umeanza foleni.

Nje ndo kuna raha, na hapa nawapinga wale wa "usiguse kitu". Kiwanda kinatengeneza bunduki ya mkono wa wastani, jicho la wastani, mtu wa urefu wa wastani, na huyo mtu hajawahi kuonekana. Saiti za plastiki zinazokuja na bastola nyingi zipo tu kujaza nafasi, ukiweka za chuma zenye doti ya mbele inayoonekana umeboresha kitu ambacho unakitumia kila risasi na hujaongeza hatari yoyote, ila zikishafungwa lazima uende renji ukahakikishe risasi inatua unapolenga. Bastola nyingi siku hizi zinakuja na migongo ya mshiko ya saizi mbili tatu ndani ya boksi na watu wanaiacha humo humo, hawajui hata ni ya nini. Ijaribu. Kidole kikifika kwenye triga bila kuuzungusha mkono, ndo saizi yako.

Kwa shotgun jambo hili ni kubwa kuliko yote. Shotgun nyingi hazina saiti ya nyuma, jicho lako ndo saiti ya nyuma, na jicho linakaa pale ambapo shavu linakaa kwenye kitako. Kitako kirefu kinanasa kwenye nguo ukiinua, kifupi kinakupiga dole gumba puani, kilicho chini sana unapiga chini ya ndege siku nzima ukidhani huna kipaji. Kukata kitako au kuongeza vibao vya nyuma kikukae sawa ni modifikesheni ambayo mafundi wamekuwa wakiifanya tangu enzi za mababu wa mababu, na hakuna mtu mwenye akili anayesema ibaki stoki ilhali haikukai. Kupima kwake nako si kazi ngumu, fumba macho, inua bunduki tupu begani, shavu likae, fumbua. Kama unaona mgongo wa chemba tu au unaona mtutu umekwenda upande, tatizo siyo wewe.

Redidoti ni nzuri hasa kwa macho yaliyochoka ambayo hayawezi tena kuona saiti ya mbele vizuri, ila inakuja na kazi zake: betri, skrubu zilizokazwa kwa kipimo zikatiwa gundi ya skrubu isiyo ya kudumu, alama ya rangi kwenye skrubu ili ukiangalia tu ujue imelegea au la, na mazoezi ya kuitafuta doti, kwa sababu siku za mwanzo utainua bastola uone kioo kitupu. Taa ya kwenye bunduki nayo watu wanaifunga wakisahau mambo mawili: bastola haitaingia tena kwenye ala (mfuko wake wa kubebea) ya zamani, na kila unachokimulika unakielekezea mdomo wa mtutu, kwa iyo bado unahitaji tochi ya mkononi ya kumulikia watoto wanaoenda kunywa maji usiku.

Kuna kitu wapenzi wa stoki huwa hawakumbuki. Stoki ya leo ni modifikesheni ya jana. Bastola aliyoibuni John Browning na jeshi la Marekani likaichukua mwaka 1911 ilitengenezwa kwa ajili ya risasi ya kijeshi yenye kichwa cha mviringo. Watu walipotaka kutumia risasi zenye kichwa chenye shimo, nyingi za zamani zilikuwa zinakwama zikipanda chemba, mafundi wakaanza kulainisha ile njia ya kupandia, wakapanua dirisha la kutolea maganda, wakaweka saiti kubwa, wakarefusha mkia wa nyuma ili nyundo isiwang'ate mkono. Leo 1911 nyingi zinatoka kiwandani na vyote hivyo. Redidoti hivyo hivyo, ilikuwa unampa fundi slaidi akuchongee, mpaka viwanda vikaanza kuzitoa slaidi zilizochongwa tayari, Glock nayo mwaka 2015. Kwa iyo tofauti ya bunduki ya mwaka 1960 na ya sasa ni kubwa: kipindi kile kutomodifai ilikuwa kukosa kitu, sasa hivi mara nyingi kitu unachotaka kuongeza kiko kwenye modeli nyingine ya kampuni ile ile, kimejaribiwa na kina waranti. Kuinunua hiyo modeli ni bora kuliko kununua ya kawaida na kuijenga upya, na mara nyingi unatumia hela kidogo.

Sheria. Hapa usimsikilize mtu wa nchi nyingine, hata mimi usinisikilize, soma ya kwako, ila uelewe aina ya mambo ambayo sheria inayagusa. Kwanza urefu wa mtutu: Marekani tangu sheria ya silaha ya mwaka 1934 bunduki fupi zinadhibitiwa pekee, leo rifle ikiwa na mtutu chini ya inchi 16 au shotgun chini ya inchi 18 unaingia kwenye usajili maalum, na mtu anayeukata mtutu kwa msumeno nyumbani amejitengenezea kesi ya serikali kuu. Pili uwezo wa magazini: kuna majimbo kama California na New York yenye ukomo wa risasi 10, Canada bastola ni 10 na rifle nyingi zinazojipakia zenyewe ni 5. Tatu majaribio ya nguvu: Uingereza mtutu lazima uwe umepimwa na kugongwa muhuri kabla ya kuuzwa, iwe kwenye nyumba za majaribio za London au Birmingham au za nje zinazotambuliwa, na ukichonga mtutu kiasi cha kuudhoofisha, muhuri wa zamani hauna kazi, lazima upimwe upya ndo uruhusiwe kuuza. Na sheria hazikai sehemu moja. Baada ya mauaji ya Las Vegas ya Oktoba 2017 vile vitako vya kusukumana, vinavyofanya rifle ipige haraka kwa kutumia mrudisho wake, vilipigwa marufuku kwa kanuni ya serikali iliyoanza kazi 2019, alafu Juni 2024 mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikaitupa kanuni hiyo, huku majimbo kadhaa yakibaki na marufuku yao. Mtu aliyekinunua mwanzoni amekuwa halali, akawa mhalifu, akawa halali tena kutegemea anaishi wapi, bila yeye kusogea.

Sailensa, kile kifaa cha mdomoni mwa mtutu cha kupunguza mlio, nayo ina uvumi wake. Filamu zimewaaminisha watu kwamba ukiifunga bunduki inakohoa tu. Mlio wa bunduki unaanzia kama desibeli 140 mpaka 170 hivi, sailensa nzuri inatoa kama 20 mpaka 35, kwa iyo kinachobaki bado ni mlio mkubwa, na risasi ikiwa inakwenda kasi kuliko sauti kuna mlipuko wake angani ambao sailensa haiwezi kuugusa. Finland na Norway wawindaji wanazitumia kama kawaida kulinda masikio na majirani, Marekani ziko kwenye ile ile sheria ya 1934, kwingine ukikutwa nayo tu ni jela. Kifaa kile kile.

Na lile la mahakamani? Hofu imekuzwa ila haikutoka hewani. Ukijitetea kihalali kinachopimwa ni kama ulikuwa na haki ya kufyatua, na aina ya mshiko au saiti uliyoweka kwa kawaida hakuna atakayeiuliza. Mambo yanabadilika kama hoja ni kwamba risasi ilitoka kwa bahati mbaya, hapo triga iliyopunguzwa uzito chini ya kiwango cha kiwanda inampa wakili wa upande wa pili sentensi nzuri sana ya kuanzia. Na usiandike maneno kwenye silaha, nakuomba. Mwaka 2016 huko Mesa, Arizona, askari mmoja alimuua mtu asiye na silaha kwenye korido ya hoteli, na rifle yake ilikuwa na tusi lililochongwa kwenye kifuniko cha vumbi. Jaji hakuruhusu baraza la wazee wa mahakama kulisikia hilo, na askari akaachiwa huru mwaka 2017, lakini dunia nzima ililiona lile tusi na mpaka leo kesi hiyo ikitajwa ndo kitu cha kwanza watu wanachokumbuka. Maandishi yenyewe yalikuwa hayana faida yoyote ya kulenga.

Sasa tufanyeje na hiyo mpya iliyoko kwenye boksi? Ipige kwanza. Isafishe, maana nyingine zinakuja na grisi ya kuhifadhia ambayo siyo mafuta ya kufanyia kazi, ipake mafuta panapoelekezwa, alafu uipeleke renji upige angalau risasi 200 za aina mbili tatu ukiwa hujabadilisha chochote. Ikikwama andika imekwama vipi, kwa magazini ipi na risasi ipi, kwa sababu matatizo mengi ya bunduki mpya ni magazini moja mbovu, risasi isiyoipenda, ukavu wa mafuta, au mkono uliolegea ambao unaiacha bastola nzima irudi nyuma hivyo slaidi inakosa pa kusukumia. Hakuna hata kimoja hapo kinachotibiwa na kipuri kipya.

Na kama risasi zako zote zinatua chini kushoto na unatumia mkono wa kulia, tafadhali usiguse saiti bado. Mwombe mtu mwenye uzoefu apige magazini moja. Zikitua katikati, umeshapata jibu, hata kama linauma. Au mwenzako akuchanganyie risasi bandia ndani ya magazini bila wewe kujua iko nafasi ya ngapi; ukiifikia utaona mdomo wa mtutu unavyochota chini wakati hakuna kilicholipuka. Huo mchoto ndo uliokuwa unaununulia triga ya bei mbaya. Hela ya triga hiyo inanunua risasi nyingi tu na masaa kadhaa ya mwalimu, na mwalimu haharibu waranti.

Baada ya hapo kama bado kuna kitu kinakusumbua, kibadilishe, kimoja kwa wakati. Ukifunga saiti, mshiko na springi siku moja kisha bunduki ikaanza kukwama huwezi kujua nani mkosaji. Chochote cha ndani apewe fundi mwenye ruhusa ya kazi hiyo, na kikirudi kinaanza upya zile risasi 200, ikiwemo zile hasa unazozibeba za kujilindia, siyo za mazoezi peke yake. Ulichokitoa usikitupe, kiweke kwenye mfuko, uandike ni cha bunduki ipi na kilitoka lini, kwa sababu anayekuja kuinunua kesho hataki kulipia ladha yako, anataka kujua kama anaweza kuirudisha ilivyokuwa. Na kama hiyo bunduki yenyewe ni ya zamani uliyorithi, yenye rangi yake ya kwanza iliyofubaa na mbao zenye mikwaruzo, usiipake rangi, usiing'arishe, usitoboe tundu la skopu. Wakusanyaji wanalipia hiyo hiyo mikwaruzo, na tundu moja la skopu likishatobolewa hakuna fundi wa kulirudisha.